Ua la Usambara Dirishani

Leo tupande Usambara Mashariki, kule Amani, ambako ukungu hushuka hadi kwenye mashamba ya chai. Kivulini, kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, humea mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau.

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake ua hili. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali kwao, misitu ikikatwa, baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo, nakuomba, usiling'oe msituni. Omba jani moja kwa jirani anayelipanda. Likate pamoja na kikonyo chake, sentimita 3 hivi, ukichomeke kikonyo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji laini, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Vuta subira, miche midogo huchukua wiki kadhaa kuchomoza.

Sasa maji, maana hapo ndipo wengi huuharibu mmea huu. Usiyamwagie majani maji, hasa ya baridi, yataacha madoa. Weka maji kwenye sahani chini ya chungu, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki. Mizizi ikilowa muda wote huoza.

Chagua dirisha lenye mwanga, lisilopigwa na jua la mchana. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, tafuta chumba chenye ubaridi kuliko vyote.