Tupime Kabla ya Kurusha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa parokia)



Tunajua wengi wenu mmetoka nyumbani alfajiri, na mlitazamia tuzungumze juu ya mbuzi wa maziwa au matangi ya maji. Leo tumekuja na kitu hiki mnachokiona hapa mezani. Mama mmoja ameshatuuliza pale mlangoni, "Sasa nyinyi watu wa maendeleo, mmeanza kuuza vitu vya watoto?" La, mama, hatuuzi. Hii ni ndege ndogo. Imeundwa na vijana wa kikundi kimoja cha hapa kwetu, kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa kufuata ramani. Na inaruka. Lakini kabla haijaruka ilituaibisha, na aibu hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza, kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi.

SANDUKU LA MGENI

Kikundi hicho kilikuwa na vijana 12, wa kike na wa kiume, waliomaliza shule na hawakuwa na kazi. Mradi wao wa kwanza ulikuwa banda la kuku. Walijenga kwa kukisia: mmoja anasema nguzo iwe hapa, mwingine anasema iwe pale. Mvua ya kwanza yenye upepo ikang'oa mabati. Baada ya hapo mkutano ukiitishwa wanakuja watano, wiki ijayo watatu. Kikundi kilikuwa kinakufa huku tunakiangalia.

Wakati huo parokia ilipata mgeni kutoka Ujerumani ambaye tangu utotoni alipenda kuunda ndege ndogo. Alipoondoka alituachia sanduku. Ndani mlikuwa na vibao vyembamba vya mti, karatasi laini, utepe wa mpira, propela moja na ramani tatu. Sisi tuliliweka stoo tukalisahau. Vijana ndio waliolifungua, na mmoja wao aliposhika kibao akacheka, akauliza, "Hiki ni mti ama ni karatasi?"

Mti huo unaitwa balsa. Asili yake ni nchi za joto za Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi inayouzwa duniani hutoka Ecuador. Hukua upesi sana. Baada ya miaka 5 au 6 hivi huwa tayari kukatwa. Uzito wake mnaweza kuufahamu hivi: maji yanayojaza debe la lita 20 yana kilo 20, lakini balsa ya kujaza debe hilo hilo ina kilo 3 hivi tu.

Mtu asidharau wepesi huo. Neno lenyewe, balsa, kwa Kihispania maana yake ni chelezo, yaani magogo yaliyofungwa pamoja kuelea majini. Mwaka 1947, Thor Heyerdahl wa Norway na wenzake watano walitoka Peru juu ya chelezo cha magogo ya balsa, wakavuka bahari kwa siku 101 mpaka visiwa vya Polynesia. Na katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa na ndege ya kivita iliyoitwa Mosquito, ambayo mwili wake ulikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba. Sehemu nyingi za ndege hiyo zilitengenezwa na maseremala wa viti na makabati. Kwa hivyo mti mwepesi unaweza kubeba mzigo, mradi umewekwa mahali pake.

KAZI YENYEWE

Hebu tuwaeleze inavyofanywa, maana fundi yeyote aliye hapa ataona jamaa ya kazi yake.

Kwanza ramani. Mara nyingi huchorwa kwa ukubwa ule ule wa ndege yenyewe. Unaitandaza juu ya ubao, unaifunika kwa karatasi ya nailoni ili gundi isishike, halafu unapanga vijiti juu ya mistari na kuvizuia kwa pini mpaka gundi ikauke. Ubao lazima uwe sawa kabisa. Ubao ukipinda, bawa nalo litapinda, na hakuna maombi yatakayolinyosha.

Pili, kukata. Tumia wembe mpya, pitisha polepole mara tatu nne. Ukikandamiza kwa nguvu mara moja, mti unapasuka. Nyuzi za mti zifuate urefu wa kipande. Mbavu za bawa, vile vipande vidogo vinavyolipa bawa umbo lake, zinakatwa zote, zinashikwa pamoja kama karata, halafu zinapigwa msasa kwa pamoja ili zitoke sawa.

Tatu, gundi. Vijana wetu walitumia gundi nyeupe ya maseremala, na mwanzoni waliimwaga kama uji. Gundi nayo ni uzito. Tone dogo kwenye kiungo kilichokatwa vizuri lina nguvu kuliko tope la gundi kwenye kiungo kibaya.

Nne, mabawa. Hayalali kama meza. Ncha zake zinainuka kidogo, kama herufi V iliyofunguka sana. Upepo ukiinamisha ndege upande mmoja, kuinuka huko kunaisaidia kurudi sawa.

Tano, karatasi. Inagundishwa juu ya mbavu, inanyunyiziwa maji kidogo, na ikikauka inajivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma. Bawa libanwe kwenye ubao wakati huo, la sivyo litajikunja.

Mwisho, ramani ina alama ndogo chini ya bawa. Hapo ndipo pa mizani. Ukiishika ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hiyo, inapaswa kukaa sawa au kuinamisha pua kidogo tu. Kumbukeni alama hiyo, tutairudia.

Kazi ilichukua miezi miwili, kila Jumamosi. Na tuliona ajabu: waliokuwa wakija watatu wakawa wanane, halafu kumi na mmoja. Bawa alikabidhiwa kijana mmoja mpole, asiyesema sana mikutanoni. Alilifanya mara mbili. La kwanza hakuridhika nalo, akalivunja mwenyewe.

SIKU YA WAGENI

Ikafika siku ya wazazi na wageni kuja kuona miradi. Sisi wa ofisi tulifurahi kupita kiasi. Tulipoiona ndege ni nyeupe tupu, tukasema, "Sasa wageni watajuaje ni ya nani? Andikeni jina la kikundi mkiani." Tukaleta mabaki ya rangi ya mafuta tuliyopaka mlango wa ofisi. Msichana mmoja akasema, "Lakini ramani haitaji rangi." Tukamjibu, "Rangi kidogo tu itadhuru nini?"

Saa ya kurusha ikafika. Mpira ukasokotwa mara mia, ndege ikaachiliwa. Ikainua pua juu, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda, kisha ikaanguka. Bawa la kushoto likavunjika mbele ya watu wote. Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Wameacha kuku, sasa wanapoteza wakati na makaratasi."

Vijana walianza kutupiana lawama pale pale, na lawama zikamwangukia yule aliyetengeneza bawa. "Ni bawa lako lilipinda! Umetuaibisha!" Hakujibu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Na sisi, tuseme ukweli, hatukumfuata. Tulijiambia kwamba labda kweli bawa lilipinda.

Jumamosi ya tatu yule msichana alimaliza kulitengeneza bawa. Kabla ya kulikaza akaiweka ndege kwenye vidole vyake viwili, pale penye alama. Mkia ukashuka puu! Akatuangalia, hakusema neno. Tulielewa.

Ndege nzima ilikuwa nyepesi kuliko yai la kuku. Rangi ile nzito ya mlango, ikiwekwa mkiani, ilikuwa mzigo. Na mkia uko mbali na bawa. Mmeona watoto wakicheza bembea ya ubao: mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa anamwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Ndivyo ilivyokuwa. Bawa halikuwa na kosa lolote.

Wawili wetu tulienda nyumbani kwa yule kijana jioni ile. Mama yake alitukaribisha chai. Tulimwambia mbele ya mama yake, "Bawa lako lilikuwa zuri. Kilichoangusha ndege ni rangi, na rangi ilikuwa yetu. Tusamehe." Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali moja tu: "Mmewaambia wenzangu?"

Hatukuwa tumewaambia. Tulitaka kuimaliza kimya kimya, pale juu ya chai. Lakini yeye alilaumiwa hadharani. Basi Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya kikundi tukasema yote. Hatukupendezwa na kusimama pale, lakini ilibidi. Yule kijana alirudi wiki moja baadaye, na kazi ya kwanza aliyoiomba ni kutengeneza mkia mpya.

KURUSHA POLEPOLE

Safari hii walifanya inavyotakiwa. Walienda asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, mahali penye nyasi ndefu. Hawakusokota mpira kwanza. Waliisukuma tu taratibu kutoka begani, iteleze hewani yenyewe. Ikiinua pua halafu ikaanguka, wanaongeza udongo wa mfinyanzi kidogo puani. Ikipiga mbizi, wanapunguza. Wanabadilisha kitu kimoja tu kila mara, kwa sababu ukibadilisha vitatu hutajua ni kipi kilichosaidia. Ilipokuwa inateleza vizuri, mpira ukasokotwa mara 50 tu, halafu 70, halafu 100.

Ilikaa hewani sekunde 9. Tulihesabu wote kwa sauti, na yule mzee wa makaratasi alikuwapo, anahesabu pia.

Sekunde 9 si kitu? Ngojeni. Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, alirusha ndege ndogo ya utepe wa mpira mjini Paris mwaka 1871. Ilikuwa na uzito wa gramu 16, na ilikaa hewani sekunde 11. Bado hatujamfikia! Pénaud alikuwa pia ametengeneza kidude cha kupaa juu kwa mpira uliosokotwa. Mwaka 1878, huko Marekani, askofu mmoja wa kanisa la United Brethren, Milton Wright, aliwaletea wanawe kichezeo cha namna hiyo. Wanawe ni Wilbur, aliyekuwa na miaka 11, na Orville, miaka 7. Kilipovunjika walijitengenezea vingine. Walijaribu kukifanya kikubwa, wakaona kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyoshindwa kuruka.

Watoto hao ndio waliokuja kuruka na ndege yenye injini tarehe 17 Desemba 1903. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12. Lakini kabla ya siku hiyo walikuwa wamejaribu ndege zisizo na injini mwaka 1900, 1901 na 1902. Mwaka 1901, mabawa yao yalipokataa kubeba walivyotarajia, hawakulaumiana. Walirudi nyumbani, wakatengeneza sanduku la kupulizia upepo, na wakapima humo vibawa vidogo vya kila umbo, mpaka wakajua hesabu za zamani zilikosea wapi.

LA KWENDA NALO NYUMBANI

Ndugu zetu, hatuwaambii kila kikundi kiunde ndege. Balsa yenyewe ilikwisha, na vijana sasa wanajaribu bua la mkonge lililokauka. Ni zito kidogo lakini linafaa kwa mwili wa ndege. Tunayowaomba ni haya.

Mradi uchorwe kabla haujajengwa, na kila mwanachama auone mchoro. Vijana wetu walipojenga upya banda la kuku, walichora kwanza kwenye karatasi kubwa na kuandika vipimo vyote. Mabati yale bado yapo.

Mkubwa wa ofisi, mfadhili au mgeni akisema, "Ongezeni hiki kidogo," kikundi kiwe na ujasiri wa kuuliza kama yule msichana: je, ramani inasemaje? Na sisi wa ofisi tujifunze kumsikiliza.

Jaribuni chini kabla ya juu. Kikundi cha kukopeshana kianze na mkopo mdogo, kama mpira wa mizunguko 50.

Na jambo likianguka, pimeni kabla ya kulaumu. Banda lilianguka, tukapoteza mabati. Ndege ilipoanguka, nusura tupoteze mtu, na mabati hununuliwa dukani.

Basi mkirudi nyumbani, chukueni daftari la mahudhurio la kikundi chenu. Tafuteni jina la yule aliyeacha kuja. Jiulizeni kama kosa alilobebeshwa lilikuwa lake kweli. Kama halikuwa lake, nendeni kwake, kisha mkaseme mbele ya wote.

Sasa tutoke nje, upepo umetulia. Yule kijana yuko hapa, na ndiye atakayeirusha.