Kusubiri Habari Bila Kuuliza Kila Mtu

Ndugu zangu tuliokula maharage ya sufuria moja hapa Mnyuzi,

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, naangalia kompyuta zinazopokea maombi kutoka wilayani. Watu hutukumbuka siku zinapogoma tu.

Miaka michache iliyopita ziligoma, tena mwisho wa mwezi. Mashine ilijitahidi kwa nguvu zake zote, lakini maombi hayakutoka. Watu walisimama madirishani tangu asubuhi, na mzee mmoja aliyetoka mbali akarudi kwao mikono mitupu. Nilimwona akiondoka. Wakuu wangu walitaka tununue mashine kubwa zaidi. Mimi nikaomba siku mbili.

Mnamkumbuka kiranja wa bweni? Kila usiku alipita kitanda hadi kitanda akiuliza nani mgonjwa. Vitanda 80, wagonjwa wawili. Programu yetu ilifanya vivyo hivyo. Ilitumia njia iitwayo select, iliyotoka mwaka 1983 katika mfumo wa 4.2BSD. Kila mara programu hukikabidhi kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu ya ndani kabisa inayotawala mashine, orodha nzima ya miunganisho, nacho hukagua mmoja mmoja. Na katika Linux njia hiyo kwa kawaida haivuki miunganisho 1024.

Tulihamia njia ya epoll, iliyoingia katika Linux mwaka 2002. Hapo orodha huandikishwa mara moja tu. Ujumbe ukifika, kiini hukiita kipande kidogo cha programu, nacho huuweka muunganisho huo katika orodha ya walio tayari. Ni kama mgonjwa kuandika jina lake ubaoni pale mlangoni. Kiranja husoma ubao, basi.

Lakini kipande hicho lazima kiwe kifupi. Huitwa wakati kufuli limefungwa, na hakiruhusiwi kulala. Kikikawia, wengine wote husubiri. Mgonjwa aandike jina, asianze kusimulia homa yake mlangoni.

Shida ya pili ilitushangaza. Ndani ya programu tulikuwa na watenda kazi wengi, wote wakisubiri mlango mmoja. Mgeni mmoja akibisha hodi, wote huamka, mmoja humpokea, waliobaki hurudi kulala wakiwa wamepoteza nguvu bure. Ndugu zangu, ni sisi wenyewe honi ya basi la Korogwe ilipolia: bweni zima mbio, kifurushi kimoja! Linux ilipata dawa mwaka 2016, katika toleo la 4.5: alama ya EPOLLEXCLUSIVE, inayokiambia kiini kiamshe mmoja au wachache, si wote. Tukaiweka.

Siku mbili ziligeuka wiki mbili, nakiri, na nilikaripiwa. Mashine ikabaki ile ile. Mwisho wa mwezi uliofuata madirisha yalikuwa matupu kabla ya saa sita mchana. Yule mzee sikumwona tena. Karani aliniambia alimtuma mjukuu wake.