Aliyeonywa na Aliyeamuru: Mkuu wa Ujasusi na Mipaka ya Vita vya Siri



Mkuu wa ujasusi huulizwa zaidi kama operesheni yake ilifanikiwa. Leo nataka tumuulize alimsikiliza nani kabla ya kuamuru.

Mfano wangu ni Prague, mwaka 1942. Reinhard Heydrich alikuwa akiwatawala Wacheki kwa niaba ya Hitler, na Januari mwaka huo ndiye aliyeongoza mkutano wa Wannsee uliopanga maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya. Sioni kosa lolote kumlenga mtu huyo vitani. Tatizo langu liko kwingine.

Rais Edvard Beneš wa Chekoslovakia, aliyekuwa uhamishoni London, pamoja na mkuu wake wa ujasusi František Moravec, walibanwa na washirika wao: mbona Wacheki wametulia huku viwanda vyao vikiwatengenezea Wajerumani silaha? Walihitaji pigo litakalosikika. Desemba 1941 ndege ya Uingereza ikawashusha kwa miavuli Jozef Gabčík na Jan Kubiš, waliotumwa kumuua Heydrich.

Mwezi Mei, viongozi wa upinzani waliojificha ndani ya nchi waling'amua vijana hao wametumwa kufanya nini. Wakapeleka ujumbe London kwa redio, wakisihi shambulio liachwe. Walieleza kwamba Wajerumani wangelipiza kisasi kwa kuua watu wengi mno, na kwamba mtandao wao wenyewe ungesambaratika. Ikiwa ni lazima auawe mtu, walisema, basi achaguliwe msaliti wa Kicheki. Operesheni haikusitishwa. Mei 27 Kubiš alirusha bomu, na Juni 4 Heydrich akafa.

Juni 10 wanaume 173 wa kijiji cha Lidice walipigwa risasi. Wanawake walipelekwa kambi ya Ravensbrück, na watoto 82 wakauawa kwa gesi Chełmno. Lidice haikuhusika kabisa na shambulio hilo.

Wauaji ni Wanazi, na hatia hiyo haigawanywi. Lakini Moravec mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimweleza Beneš kuwa gharama ingekuwa kubwa. Kwa hiyo walijua. Faida nayo ilikuwepo: Agosti 5, 1942 Uingereza ilijitoa katika mkataba wa Munich uliokuwa umeimega nchi yao. Siidharau faida hiyo. Ninachokikataa ni kwamba watu waliokuwa salama London waliinunua kwa maisha ya wengine, baada ya walio hatarini kusema hapana.

Najua mtajibu kwamba siri haipigiwi kura, na kwamba hakuna jasusi anayeweza kwenda kijijini kuomba ruhusa. Kweli. Lakini safari hii sauti kutoka ndani ilifika bila kuombwa, tena kutoka kwa wapiganaji ambao woga haukuwa tabia yao.

Pendekezo langu kwa kikao hiki ni hili: onyo la namna hiyo likishapokelewa, operesheni isimame hadi anayeiamuru aandike, kwa jina na sahihi yake, kwa nini analipuuza, na maandishi hayo yahifadhiwe yaje kusomwa na jamaa za watakaouawa.