Barua Yenye Muhuri Isiyosomeka: Nyaraka za Ofisini na Watumiaji wa Visoma Skrini

Ndugu Mwenyekiti, ndugu makatibu muhtasi na maofisa masijala,

Mwaka jana nilitumiwa kwa WhatsApp barua ya kuitwa kwenye usaili. Mimi sioni; barua zangu husomwa na kompyuta kwa sauti. Nilipoifungua, ilitaja jina la faili, kisha kimya. Ikabidi nimwite kijana wa jirani anisomee, naye akaanza kwa kuusifia muhuri.

Hebu tuifuate barua ile tangu mwanzo. Katibu muhtasi aliichapa kwenye Word, na hadi hapo ningeisoma bila kumsumbua mtu. Ikatolewa kwenye karatasi, bosi akasaini, masijala wakagonga muhuri, ikapitishwa kwenye skana, ikatumwa kama PDF. Kilichonifikia kilikuwa picha ya barua. Kisoma skrini hutamka maandishi yaliyomo kwenye faili, na ndani ya picha ile hamkuwa na hata herufi moja. Zipo programu za kutambua herufi pichani, ila muhuri ukiangukia juu ya tarehe, programu hubahatisha. Tarehe ya usaili haibahatishwi.

Siombi muhuri ufutwe. Nazijua ofisi zetu. Naomba nakala yenye muhuri iambatane na lile faili la Word, ambalo tayari mnalo.

Pili, vichwa vya habari. Wengi mkitaka kichwa hukuza herufi na kuzikoleza. Jicho huridhika, lakini kwa kisoma skrini hiyo ni aya kama aya nyingine. Bonyezeni Ctrl, Alt na 1, Word itakitambua kuwa kichwa. Kisha hifadhini faili moja kwa moja kama PDF, bila kupitia skana. Natumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni. Ndani yake nikibonyeza H naruka kichwa hadi kichwa. Ripoti ya kurasa 80 isiyo na vichwa vya kweli huwa naisikiliza yote, kuanzia shukrani, nikitafuta aya moja ya bajeti.

Lugha nayo ina vituko vyake. Hati ya Kiswahili ikiachwa kwenye mpangilio wa Kiingereza, mara nyingi husomwa kwa sauti ya Kiingereza: “mtoto wake” anakuwa mtoto “weik”, na “pole” inatoka “poul”. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakijua Kiswahili. Chagueni Kiswahili kuwa lugha ya hati.

Picha ziwekewe maelezo mafupi. Majedwali yasiunganishwe visanduku ovyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 9 unataja habari pamoja na majengo na usafiri kuwa vitu tunavyopaswa kuweza kuvifikia. Lakini sikuja kuwatisha kwa sheria. Baada ya chai kila mmoja afungue barua ya mwisho aliyoituma ofisini kwake. Tutafunika skrini, tusikilize.