Takwimu Zikivuja Njiani, Mwananchi Ndiye Hupungukiwa

Mazungumzo kwa wananchi kuhusu kusimamia mikondo ya data kwa amri za kompyuta



Mama anapompeleka mtoto zahanati, muuguzi huandika katika rejista tarehe, umri, ugonjwa na dawa aliyotoa. Mwisho wa mwezi mistari hiyo hujumlishwa, hujazwa katika fomu za Wizara ya Afya, kisha huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya unaotumia programu ya DHIS2. Kenya ilianza kuutumia mfumo huo kote nchini mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo.

Baada ya hapo huanza kazi ambayo wananchi wengi hawaioni. Takwimu hupakuliwa, husafishwa, huunganishwa, hujumlishwa kwa kila wadi, na mwishowe hutolewa ripoti inayosaidia kupanga dawa, chanjo na wahudumu. Hatua hizi zikifuatana huitwa mkondo wa data. Ni kama mradi wa maji: kuna chanzo, chujio, tangi, bomba na mfereji wa kijiji. Bomba likipasuka katikati, anayesubiri mferejini huona tu kwamba ndoo haijai.

Kwa nini amri za maandishi?

Afisa wa takwimu anaweza kufungua faili moja moja, kunakili na kubandika. Kwa zahanati tano hilo linawezekana. Kwa zahanati mia moja, kila mwezi, uchovu huleta makosa, na kosa likitokea hakuna kumbukumbu ya alichobofya. Njia ya pili ni kuandika amri kwenye dirisha la maandishi la kompyuta. Dirisha hilo halina picha wala vitufe. Afisa huandika neno, kompyuta hutenda. Amri zikihifadhiwa katika faili moja, kazi ya Januari hurudiwa Februari vilevile, na afisa mwingine anaweza kusoma kila hatua na kuikagua.

Wazo la kuunganisha programu namna hii si jipya. Mwaka 1964, Douglas McIlroy wa Bell Labs nchini Marekani alipendekeza programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakifunga mwishoni. Mwaka 1973, mwenzake Ken Thompson aliliingiza wazo hilo katika mfumo wa Unix. Hadi leo alama ya | hupeleka matokeo ya amri moja hadi amri inayofuata. Amri ya kwanza husoma faili, ya pili huchagua mistari ya malaria, ya tatu huipanga, ya nne huihesabu. Programu iitwayo cron nayo huweza kuanzisha kazi yote saa nane usiku bila mtu kuwa ofisini.

Hatari ya kosa la kimya

Mashine inayofanya kazi usiku inaweza pia kukosea usiku. Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, majibu ya vipimo nchini Uingereza yaliingizwa katika faili za Excel za aina ya zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Visa 15,841 vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuhesabiwa kwa wakati. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa.

Mikondo ya amri ina mtego wake pia. Kila amri ikimaliza hutoa namba: 0 maana yake imefaulu, namba nyingine maana yake imeshindwa. Lakini kwa kawaida mkondo mzima hutoa namba ya amri ya mwisho pekee. Amri ya pili ikianguka, ya mwisho itahesabu kilichoifikia, hata kama ni nusu, kisha itangaze kuwa mambo ni shwari. Katika programu ya Bash, mpangilio uitwao pipefail hurekebisha hilo: hatua yoyote ikishindwa, mkondo wote huhesabiwa kuwa umeshindwa.

Kwa hivyo mkondo unaosimamiwa vyema hufuata kanuni chache. Faili za awali hazibadilishwi kamwe. Kazi hufanywa kwenye nakala. Mistari huhesabiwa inapoingia na inapotoka, na tofauti yoyote huelezwa. Hatua ikishindwa, kazi husimama na afisa hupata ujumbe. Kila tukio huandikwa katika daftari la mfumo pamoja na saa lilipotokea. Zaidi ya yote, pengo halijazwi sifuri. Zahanati iliyokosa mtandao na haikutuma ripoti haimaanishi kwamba haikuwa na wagonjwa. Ikiandikiwa sifuri, wadi nzima itaonekana ina afya njema kuliko ilivyo, na huenda mpango wa dawa wa miezi ijayo ukapungua.

Siri za wagonjwa nazo zilindwe. Amri moja yaweza kunakili maelfu ya rekodi kwa sekunde chache. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Jumla ya wagonjwa wa wadi haihitaji jina, namba ya simu wala namba ya kitambulisho cha mtu yeyote.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi hahitaji kujua kuandika amri ili aulize maswali mazuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ripoti ikisomwa barazani, aulize: Ni vituo vingapi vilivyotuma takwimu, na vingapi havikutuma? Takwimu hizi ni za mwezi gani? Nani alizikagua? Afisa mwenye mkondo mzuri hujibu kwa muda mfupi, kwa sababu majibu yamo katika daftari la mfumo.

Naye mzazi anapofika zahanati, ataje umri sahihi wa mtoto na kijiji anakotoka. Safari yote ya takwimu huanzia kwenye mstari huo mmoja wa rejista. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa takwimu huzibwa mapema, kabla ya mgonjwa kufika dirisha la dawa na kuambiwa arudi wiki ijayo.