Mwizi wa Karafuu Hutafuta Mnunuzi

(Mazungumzo yaliyotolewa barazani, Pemba, mwanzoni mwa msimu wa karafuu)



Leo tunataka kuzungumza juu ya wizi wa karafuu. Msimu umefika. Majamvi yamejaa uwanjani. Harufu ya karafuu imetanda kutoka Mkoani hadi Konde. Karafuu ndiyo ada ya skuli, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari ya kijana. Mwaka 2011 bei ya kilo moja ilifika shilingi 15,000. Mali ya thamani kama hiyo tunaianika nje, mbele ya macho ya kila mpita njia.

Hebu tuwape kisa cha kijijini kwetu. Msimu mmoja, bibi mmoja mjane alianika karafuu zake, akaenda mazikoni. Aliporudi, kona nzima ya jamvi ilikuwa tupu. Bibi akalia. Sote tukakasirika. Jioni ile akapita kijana mgeni, amejitwika polo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi huyo!" Basi, fimbo zikatoka. Yule kijana alishapigwa mara mbili kichwani, damu inamtoka, ndipo mzee mmoja akasimama katikati. Akasema, "Fungueni polo kwanza." Tukafungua. Ndani mlikuwa na makonyo matupu. Hamkuwa na karafuu hata moja.

Jamani, tulibaki kimya. Tungeliua mtu bure.

Siku ya tatu ukweli ukajulikana. Karafuu zilichotwa na mjukuu wa bibi mwenyewe, pamoja na wenzake wawili. Walizichota kwa kikombe, wakamuuzia mtu mzima tunayemjua sote. Watoto walipata andazi na vijisenti. Yule mtu alipata faida. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tulijifunza jambo moja kubwa. Karafuu si wali. Mwizi hawezi kuipika akala akashiba. Lazima apate mtu wa kumuuzia. Pasipo na mnunuzi, mwizi ataipeleka wapi? Kwa hiyo anayenunua karafuu za wizi kwa kikombe, au anayezikusanya zivushwe kwa magendo kwenye bandari bubu, naye ni mwizi. Yeye ndiye anayewafundisha watoto wetu wizi.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tusiache jamvi peke yake. Ukiwa na safari, mwambie jirani: "Niangalizie karafuu zangu." Na kesho wewe umwangalizie zake. Kabla ya Magharibi tuanue. Karafuu zilale ndani, mbali na dirisha, na mlango utiwe kufuli.

Pili, tuandike. Sisi tuliopita kisomo cha watu wazima tunajua kusoma na kuandika. Kalamu nayo ni mlinzi. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, kilo ulizoanika, na kilo ulizopata zilipokauka. Kwa kawaida kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Basi ukianika kilo 30, tegemea kama kilo 10. Ukipata kilo 6, uliza mapema. Usingoje mpaka ufike kituo cha ZSTC ndipo ushangae mbele ya mizani.

Tatu, tuwaangalie watoto wetu. Mtoto akija na fedha, muulize kazipata wapi. Akija na karafuu mfukoni, mrudishe nazo kwa mwenyewe, aombe radhi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Nne, tuwajue wageni. Msimu huu wachumaji watatoka Unguja na kwengineko. Tunawahitaji, maana mikarafuu haijichumi. Anayempokea mgeni ampeleke kwa sheha, jina lake liandikwe. Hilo si kwa kumdhania ubaya. Ni kwa usalama wake pia. Lau yule kijana wa makonyo angekuwa anajulikana, nani angempiga?

Tano, tukimkamata mtu, tusimpige. Tumzuie, tumwite sheha, tuarifu polisi. Mwenye simu apige namba 112. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi limekuwa likihimiza Polisi Jamii, yaani polisi na wananchi kulinda pamoja. Kulinda ni kuona na kutoa habari. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Mwenye kuua kwa fimbo atashitakiwa kwa kuua, hata akisema alikuwa akilinda karafuu.

Ndugu zetu, yule bibi alimsamehe mjukuu wake. Kijana wa makonyo tulimwendea wengi, tukamtaka radhi. Alitusamehe, lakini kovu analo kichwani. Kila tukimwona, tunalitazama kovu lile na nyuso zetu zinainama.

Basi tukirudi majumbani, kila mmoja wetu afanye mambo mawili usiku huu. Amwambie jirani yake, "Tulindane." Na awaambie watu wa nyumbani kwake, "Hapa hainunuliwi karafuu isiyojulikana ilikotoka, hata kikombe kimoja."