Tangazo Walimu Walilokataa Kulisoma



Ikitajwa mageuko ya viumbe shuleni, wengi hukimbilia kesi ya mwalimu John Scopes, aliyetozwa faini ya dola 100 kwa kuyafundisha huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925. Ilikuwa kesi ya mbwembwe nyingi, na hata faini yenyewe ilibatilishwa baadaye kwa dosari ya kisheria. Jioni hii nitaipita. Inayomhusu zaidi mwalimu wa leo ni ya Dover, mji mdogo wa Pennsylvania.

Mwishoni mwa 2004, bodi ya shule za Dover iliamua kwamba wanafunzi wa darasa la tisa wasomewe tangazo kabla ya mada ya mageuko. Waliambiwa kuwa nadharia ya Darwin ina mapengo, kisha wakaelekezwa kwenye kitabu Of Pandas and People, kinachodai kuwa uhai ni kazi ya msanifu mwenye akili. Ukilisikia juujuu utauliza, kuna ubaya gani kijana akihimizwa kufikiri? Lakini katika muhtasari mzima wa baiolojia, mada hiyo peke yake ndiyo iliyotangulizwa na onyo. Shaka ya namna hiyo ina mwenyewe.

Walimu wa sayansi walikataa kulisoma. Waliandika kwamba hoja ya msanifu si sayansi, na kwamba maadili ya ualimu ya jimbo lao yanawakataza kupotosha somo kwa makusudi. Suala la kuwapo kwa Mungu hawakuligusa. Walilinda somo walilokabidhiwa, basi, na Januari 2005 ikabidi wakuu wa utawala waingie madarasani kulisoma wenyewe. Kwangu mimi, ukataaji huo una uzito kuliko hukumu iliyofuata.

Wazazi 11 walishtaki. Mahakamani, shahidi wao Barbara Forrest alionyesha rasimu za kitabu kile: baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kupiga marufuku sheria ya kufundisha uumbaji kama sayansi mwaka 1987, maneno ya uumbaji yalifutwa na ya usanifu yakapachikwa mahali pake. Mahali pamoja palifutwa vibaya, maneno yote mawili yakabaki yameng'ang'aniana. (Wahariri mliomo humu mnaijua aibu hiyo.) Tarehe 20 Desemba 2005, Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alihukumu kwa kurasa 139 kwamba hoja ya msanifu si sayansi na kuiingiza darasani kunavunja katiba. Wapiga kura nao walikuwa wameshawang'oa wajumbe wa bodi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni kimya zaidi, ingawa ushahidi uko mlangoni: nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6, na mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyogundua Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ugomvi hauzuki darasani kwa kuwa mara nyingi mada hupitishwa mbio. Mwanafunzi akiuliza, huambiwa aandike anachotaka msahihishaji.

Ninyi mnaosomea ualimu, nawaomba msimjibu hivyo. Mwelezeni mfupa ulipatikanaje na umri wake ulipimwaje, na swali la imani mwacheni alipeleke kwa wazazi wake, kwa shehe au kwa padri.